Mkuu wa Kaya Yuko Safarini

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, kwenye dirisha namba mbili la ofisi ya bima mjini Tabora, karani Emilian alilamba kidole, akafunua karatasi, akamwambia Levina kwamba anayeruhusiwa kubadilisha majina ya kadi ni mkuu wa kaya peke yake. Na mkuu wa kaya hakuwa yeye Levina, wala hakuwa mumewe Raymundi.

"Ni nani basi?"

"Luhende."

Levina akashusha pumzi. Luhende alimjua vizuri. Alikuwa babu wa marehemu baba mkwe wake, mpagazi wa misafara, na alifia kwenye nyika ya Mgunda Mkali kwa kidonda cha mguu, pembe ya ndovu ikiwa begani, miaka kadhaa kabla reli haijafika Tabora. Kila mwaka, mabani ya kukaushia tumbaku yalipowashwa kule Usoke, alirudi nyumbani akalala ndani ya bani, karibu na bomba la moto, kwa ajili ya joto. Mwezi wa tano moto ulipozimwa aliondoka tena na pembe yake. Hakuwa na usumbufu. Alikohoa kidogo tu, na watu walimzoea kama wanavyozoea mgeni asiyekula.

Kosa lilitokea mwezi wa tatu, Levina na Raymundi wakiwa shambani wanachuma majani. Mwandikishaji, binti mmoja aitwaye Flavia, alifika na pikipiki na simu ya kazi, akiwa na kaya arobaini za kumaliza kabla ya jua kuzama. Alimkuta mama mkwe, bibi Kabula, akamuuliza swali la kwanza kama lilivyoandikwa kwenye simu: wanaolala hapa ni akina nani?

Bibi Kabula alijibu kama mtu mwenye adabu zake, yaani kuanzia kwa mkubwa. Akaanza na Luhende, ambaye usiku uliopita alilala pale pale. Akajitaja mwenyewe, akafuata Raymundi, Levina, na wajukuu Adriano na Kornel. Hapo simu ikaandika kwamba kaya imekamilika, kwa maana kadi moja ni watu sita, na wa kwanza kutajwa ndiye mkuu. Flavia akaenda banini kumpiga picha mkuu wa kaya. Kwenye picha ulitoka ukuta wa udongo na ncha ya pembe tu. Mwaka wa kuzaliwa simu ilikataa kurudi nyuma ya 1900, akaweka 1900. Kisha akamshukuru Martha, mtoto wa mwisho, mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye muda wote huo alikuwa amemshikia kofia ya pikipiki.

Kadi ikaja, ikawekwa kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Hakuna aliyeisoma, maana hakuna aliyeumwa. Mwezi wa sita Martha akaanguka kutoka kwenye mkokoteni. Goti likapona, lakini chini ya goti mguu ukavimba, ukawa wa moto, mtoto akawa hawezi kuvumilia hata kuguswa na shuka. Daktari wa Tabora aliitazama picha ya mfupa akasema kuna usaha ndani. Apasuliwe Jumatatu ijayo. Wakivuka mwezi, asingezungumzia tena kupasua, angezungumzia kukata. Na kadi ya kaya haikuwa na jina la Martha, na fedha taslimu hawakuwa nazo, kwani tumbaku yao ilikuwa bado imelala ghalani ikisubiri wanunuzi.

"Huyu Luhende amefariki," Levina alisema pale dirishani.

"Pole sana. Lete cheti cha kifo tumwondoe."

"Hana."

"Kibali cha mazishi?"

"Hakuzikwa. Msafara uliendelea."

Emilian alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Alikuwa mtu mwema, mwembamba, kitambulisho kikining'inia shingoni kwa kamba nyekundu. Akaeleza kwamba bila cheti, njia iliyobaki ni mkuu wa kaya kufika mwenyewe na kidole chake.

"Yuko safarini," Levina akasema.

"Anarudi lini?"

"Mabani yakiwashwa."

"Mwezi wa pili huo. Mtoto hawezi kungoja mwezi wa pili." Akaandika pembeni ya faili: mkuu wa kaya yuko safarini. Kisha akamwita aliyefuata.

Levina alitoka akakaa kwenye ngazi za ofisi, akalia kwa muda ambao mtu anaweza kulia mjini bila kuulizwa. Halafu akampigia simu Raymundi, akamwambia ampe mama yake.

"Huyo hafiki pwani, mwanangu," bibi Kabula alisema. "Kila mwaka anaishia pale pale alipoangukia. Anakaa siku chache, anageuza. Mwezi huu anakaribia Unyanyembe, hapo hapo Tabora. Nenda kamngojee kwenye njia ya zamani, upande wa Kipalapala."

Siku ya pili yake Levina alimwacha Martha kwa dada yake Apolinaria huko Chemchem, mguu juu ya mito miwili, akapanda bodaboda hadi Kipalapala. Kwenye bustani za nje ya seminari alimkuta mtunza bustani, Leodgar, akimwagilia kabichi. Akamuuliza kama wapagazi wameshapita.

"Leo bado," Leodgar alijibu bila kuacha kumwagilia. "Hupita saa kumi. Jana wamenikanyagia tuta zima. Ukiwaona wa kwenu, waambie wafuate njia, wasikate kona."

Saa kumi na robo wakaja, watu kumi na mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, njuga zikilia miguuni. Walibeba majora ya nguo, mapipa madogo, nyaya za shaba. Luhende alikuwa wa mwisho kwa sababu ya kidonda. Levina alikwenda sambamba naye, kwa kuwa babu hakuwa mtu wa kusimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mkamwana. Mabani yamewashwa?"

"Bado, babu." Akamweleza habari ya kadi, habari ya watu sita na habari ya mguu. Luhende alisikiliza akichechemea.

"Martha ndiye yupi?"

"Yule mdogo."

"Anayeniletea maji," Luhende akasema. Akatoka kwenye mstari, akamfuata Levina barabarani. Dereva wa bodaboda aliitazama ile pembe akasema abiria wawili anawamudu, lakini mzigo kama huo utamponza kwa askari. Ikawabidi kutembea hadi Chemchem. Pembe haikuingia mlangoni kwa Apolinaria, kwa hiyo babu alikaa uani hadi asubuhi, mzigo begani, na Martha akapelekewa kiti dirishani ili waonane.

Alhamisi walipewa namba thelathini na moja. Watu kwenye benchi walisogea kidogo kumpa nafasi mwenye pembe. Ilipofika zamu yao Luhende aliinama dirishani, akasalimia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mzee," Emilian akajibu. Kisha akanyoosha kalamu kuelekea tangazo la ukutani, lililokataza mtu kuhudumiwa akiwa na mzigo. "Tua mzigo, mzee."

Sasa hili neno linahitaji maelezo. Mpagazi hatui apendapo. Hutua pale tu kiongozi wa msafara anaposema tueni, na kiongozi hujulikana kwa nguo yake nyekundu. Siku ile Mgunda Mkali, Luhende alipoanguka, kiongozi alikuwa mbele sana na hakugeuka. Neno halikusemwa. Tangu alipoolewa pale, kila mwaka bibi Kabula alimwambia karibu, kaa, kunywa maji, ota moto, lakini tua hakuwahi kumwambia. Haikuwa kazi yake, na mzigo haukuwa wake. Miaka mia na ushee Luhende alilala ameegemea ukuta, pembe begani.

Akaitazama kamba nyekundu shingoni mwa karani.

"Unasema nitue?"

"Tua, mzee. Weka pale kwenye kona."

Luhende akaishusha pembe. Ilipogusa sakafu, vioo vya madirisha vilitetemeka kama wakati treni ya mizigo inapopita. Bega lake moja lilibaki limeinama kwa mazoea. Machozi yakamtoka bila sauti, na Levina naye akajikuta analia, si kwa huzuni. Mtu wa namba thelathini na mbili aliomba waharakishe.

Mashine ya vidole ilikikataa kidole gumba mara tatu. Emilian hakushangaa, kwani vidole vya wakulima wa tumbaku navyo hukataliwa, utomvu umekula mistari yote. Akampa kitambaa chenye maji, Luhende akafuta vumbi la njiani, na mara ya nne taa ikawaka kijani.

"Kabla sijakuondoa," Emilian alisema akisoma kioo cha kompyuta, "naona una miezi minne kwenye bima hujatibiwa hata mara moja. Hakuna kinachokusumbua?"

Luhende akainua mguu. Emilian alisimama kuchungulia, kisha akampa karatasi ya kwenda chumba cha vidonda cha hospitali, hapo ng'ambo ya barabara. Baada ya saa nzima mzee alirudi na bendeji nyeupe hadi gotini na tarehe ya kubadilisha. Muuguzi alikuwa amemgombeza kwa kukichelewesha.

Ikabaki kuchagua sababu ya kuondolewa. Kompyuta ilikuwa na sababu nne. Ya kwanza, amefariki, ilidai cheti. Ya pili ilikuwa amehama.

"Umehama, mzee?"

"Hapana. Nimefika."

Emilian akaitazama orodha tena. Kulikuwa na amejitoa, na kulikuwa na nyinginezo. Akabonyeza nyinginezo, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika: amefika. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikakubali. Kisha ikadai mkuu mpya wa kaya, aliyepo hapo hapo, na aliyekuwepo alikuwa Levina. Akaweka kidole. Jina la Martha likaingia namba sita, na karani akagonga muhuri. Mzee Luhende aliaga watu wote wa benchi, akatoka mikono mitupu, akienda upande wa stesheni, na Levina alimtazama mpaka akashindwa kumtofautisha na wengine.

Raymundi alipopigiwa simu na kuambiwa kwamba sasa yuko chini ya mkewe, alicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Aliuliza kama ruhusa ya kununua baiskeli ataiomba kwa barua au kwa mdomo.

Jumatatu Martha alipasuliwa. Usaha uliotoka ulijaza bakuli, na mguu ukabaki. Levina alipoambiwa, alikaa sakafuni palepale kwenye korido. Mhudumu wa usafi alimzunguka kwa fagio, akamwacha akae.

Mwezi wa kumi Levina alimleta Martha kliniki kwa mara ya mwisho. Wakapita ofisi ya bima kumpelekea Emilian debe la karanga. Kwenye kona pembe bado ilikuwepo, na sasa ilikuwa na wenzake, majora ya nguo, mapipa na nyaya. Wale wapagazi kumi walikuwa wameanza kuja mmoja mmoja, kila Alhamisi. Hawakuwa na kadi wala hawakuomba matibabu. Walipanga foleni, wakafika dirishani, Emilian akawaambia tua, wakatua. Alikuwa ameandika barua makao makuu kuuliza mizigo hiyo ipelekwe wapi. Alijibiwa kwamba barua imepokelewa.

Dirishani alisimama mama mmoja wa Ulyankulu, Nibizi, na binti yake mkubwa Esperansi aliyekuwa akipumua kwa kelele, mabega yakipanda na kushuka. Kaya yao ilikuwa ya watu wanane. Mumewe Plasidi na watoto watano walikuwa kwenye kadi. Yeye na Esperansi walibaki nje, kwa sababu siku ya kuandikishwa walikuwa kisimani.

"Humo ndani hakuna marehemu?" Emilian alimuuliza kwa upole.

"Wazima wote, tunamshukuru Mungu."

"Basi nafasi hakuna, mama. Kaya ni watu sita."

Aliisema sauti ikiwa chini, na akachelewa kumwita aliyefuata. Nibizi alikunja karatasi zake. Alipogeuka akaiona kadi mkononi mwa Levina, akamtazama Martha, akamuuliza wao walifanyaje.

Levina aliifunika kadi kwa kiganja. 

"Sisi tulikuwa na marehemu," akasema.

Nibizi akafikiri. "Wa kwetu walibaki Burundi," akajibu. "Tulipokimbia hatukuwabeba."

Akamshika binti yake mkono wakashuka ngazi taratibu, wakipumzika kila daraja. Levina aliwatazama, kwa shukrani na aibu kwa pamoja, na akajua kwamba kama angeambiwa achague tena angechagua vilevile. Ndani, Emilian aliita namba nyingine. Martha alikuwa ameshatangulia barabarani, akikanyaga kwa miguu yote miwili, akimwambia mama yake afanye haraka, basi la Usoke litawaacha.