Simu ya Bibi Derick

Tangu Elieshi azaliwe, mama yake hakuwa na jina jingine pale kijijini Maji ya Chai ila Mama Elieshi. Kanisani aliitwa hivyo, sokoni hivyo, na hata mwenye duka la dawa za mifugo alimwandikia risiti kwa jina hilo. Kisha Angel, binti wa pili, akajifungua mtoto wa kiume huko Mwanza alikoolewa. Akamtumia mama simu kubwa ya kugusa, akafuatisha na picha za mtoto, na kabla masika hayajakatika majirani walikuwa wameshaanza kusema "Bibi Derick." Mama mwenyewe aliitika kwa furaha, meno yote nje.

Elieshi alilisikia jina hilo jipya mara ya kwanza akiwa na tenga la parachichi kichwani, akiteremka barabarani. Likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Yeye ndiye aliyebaki nyumbani. Ndoa yake ya kule Usa River ilivunjika bila mtoto, akarudi kwa mama na sanduku lake la nguo. Magoti ya mama yalipoanza kukataa kazi, Elieshi ndiye aliyekata majani ya ng'ombe, akakamua, akapika, akamsugua mama mgongo kwa maji ya vuguvugu, kisha akashuka kuuza ndizi na parachichi kwa abiria wa mabasi. Hakulalamika. Alijiambia kwamba mama anaona, na mama akiona inatosha.

Ila tangu simu ije, macho ya mama yalikuwa kwenye kioo.

Tena ingekuwa afadhali kama mama angeiweza hiyo simu mwenyewe. Hakuiweza, zaidi ya kushika alama ya kipaza sauti na kumrushia Angel maneno. Video ikishafungwa, kwake ilikuwa imepotea, kama mtu aliyetoka nje ya mlango na kwenda zake.

"Elieshi! Elieshi we! Njoo uniangalizie, huyu mtoto ameenda wapi tena?"

Elieshi angeacha anachofanya, anawe mikono, afute kwa kanga, aje. Alikuwa amejifunza njia zote za ile simu kwa kuhangaika nazo peke yake. Alijua kwamba vinavyotumwa kwa wasapu vina chumba chao, na vinavyopakuliwa kwingine vina chao. Alijua pia kuwa kuna alama ya bahasha ya manjano iliyoandikwa Faili, na ukiifungua unakuta kila kitu kimepangwa: picha, video, sauti, vipakuliwa. Angegusa, angeshusha, angegusa tena, na Derick angetokea akitambaa sakafuni huko Mwanza, na sauti ya Angel nyuma yake ikisema, "Msalimie bibi! Mwambie bibi shikamoo!"

"Marahaba, baba, marahaba!" Mama angeijibu simu kana kwamba inamsikia. Kisha angemgeukia Elieshi, macho yakimeremeta. "Angel ana moyo, jamani. Kila siku ananikumbuka."

Siku moja alilisema hilo Elieshi akiwa ameacha jikoni loshoro, mahindi ya maziwa mgando. Iliungua. Mama alipoonja akakunja uso, akauliza, "Leo umepika ukiwaza nini?"

"Nilikuwa namtafuta Derick," Elieshi akajibu, akatoka nje na sufuria.

Alisimama kando ya zizi akiikwangua ile sufuria kwa nguvu hadi vidole vikauma. Kila siku ananikumbuka! Na anayelala chumba cha pili, akiusikiliza mguu wa mama ukigongana na kitanda, yeye anakumbuka nini? Alijiona tarishi wa mdogo wake: kazi yake kumbebea Angel mapenzi, ayaweke mkononi mwa mama, kisha arudi kwenye mavi ya ng'ombe.

Jumatano moja asubuhi simu ikagoma. Angel alikuwa ametuma video ya ubatizo wa Derick, nayo ikakataa kushuka. Kiduara kilizunguka, kikakoma, yakaja maneno kwamba nafasi imejaa. Mama alikuwa anakwenda kwenye maombi ya akina mama, na bajaji ilikuwa inamsubiri kwenye njia ya juu.

"Toa takataka humo, mama yangu," akasema, akimwekea Elieshi simu kiganjani. "Nikirudi niuone ubatizo wa mjukuu wangu."

Elieshi akaketi kwenye kigoda uani, kuku wakimzunguka miguuni. Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu hadi mabegani. Akafungua Faili.

Mwanzoni alifanya kazi aliyoagizwa. Alifuta picha za maua zenye maneno ya "asubuhi njema", akafuta mahubiri yaliyokuwa yamepakuliwa mara mbilimbili, na tangazo la mbegu za mahindi ambalo hakuna aliyejua lilikotoka. Nafasi ikapatikana, na kwa ubatizo ingetosha. Hapo angeweza kuifunga simu, aende kukata majani.

Hakuifunga. Akaingia kwenye video, akashusha. Angel. Derick. Angel na Derick. Angel jikoni kwake kwenye vigae vyeupe. Mume wa Angel akiosha gari. Akaingia kwenye picha, akajitafuta. Akashusha hadi mwisho, akapanda tena polepole. Alijiona mara moja tu, kiwiko chake, kwenye picha ambayo mama aliipiga kwa bahati mbaya akitaka kuzima simu. Basi. Mtu ameishi na mama yake nyumba moja, wanakula chungu kimoja, na ukiifungua simu ya mama unakuta kiwiko.

Akagandamiza kidole kwenye video ya kwanza hadi alama ikatokea, kisha akazigusa nyingine, moja baada ya moja, na mwishowe akagusa penye "Chagua zote." Akafuta. Akaenda kwenye sauti. Humo hamkuwa na majina, zilikuwa tarehe na namba tu, zimejipanga kama tofali. Hakufungua hata moja. Sauti ya Angel alikuwa ameisikia ya kutosha. Akafuta zote. Kisha akaenda kwenye Tupio, maana alijua vilivyofutwa hukaa humo kwanza, na simu ikamuuliza kama ana hakika anataka kuvifuta kabisa.

Akaona aibu kidogo, kana kwamba simu ni mtu. Kisha akagusa "Ndiyo."

Mama aliporudi, ubatizo ukashuka vizuri. Aliutazama, akalia kidogo, akaushukuru mkono wa Elieshi uliomtolea takataka. Jioni akataka kuiona ile ya Derick akitambaa. Akagusa pale kwenye wasapu alipozoea kuona picha yake, simu ikasema faili haipo. Akagusa nyingine, ikawa vilevile. Akagusa sauti, kimya.

"Elieshi, mbona hawapo?"

Ulimi wa Elieshi ulikuwa mwepesi. "Labda ulibonyeza vibaya, mama. Hizi simu ukikosea kidogo tu zinafuta."

Mama akakitazama kidole chake. Alikigeuza, akakitazama upande wa pili. "Nitakuwa nilibonyeza kule kanisani," akasema polepole, "nilipokuwa natafuta zaburi."

Kesho yake akaizima simu, akaifunga kwenye leso, akaiweka kabatini nyuma ya vikombe vya wageni.

Siku za kwanza Elieshi alizifurahia, hakuna haja ya kuficha. Mama alikuwa wake. Walikula pamoja bila kioo kati yao, na hakuna aliyemwita kutoka zizini. Lakini mama alianza kupungua maneno. Aliogopa kuwasha redio, akisema asije akaiharibu. Siku moja alisimama mbele ya jiko la gesi, akaondoa mkono kwenye swichi. "Washa wewe," akasema. "Mimi kichwa changu kimeshakwisha. Naharibu vitu vya watu." Na jirani yao Tabitha alipopita akaita, "Hodi, Bibi Derick!" mama aliitikia kwa sauti ndogo, kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima.

Angel akampigia Elieshi kwenye simu yake mwenyewe mchana, akiwa kibandani kwake barabarani, basi limetoka kuondoka na vumbi bado halijatua.

"Shikamoo dada. Mama ana nini? Simu yake haipatikani wiki nzima sasa."

"Marahaba. Hana kitu. Simu imezimwa."

"Nimemkosea?"

Swali hilo Elieshi hakulitegemea. "Umkosee kwa lipi? Wewe si mtoto wake wa dhahabu?"

Angel akacheka kicheko kikavu. "Dhahabu! Dada, unajua mama akinitumia sauti anasema nini? Anasema Elieshi amekata majani mazuri. Elieshi ameuza vizuri leo. Elieshi amenikanda goti. Namtumia mtoto, namtumia nyumba, namtumia hata chakula ninachopika, ili siku moja aniulize na mimi, Angel, wewe hali yako? Haulizi. Anamwamkia Derick, kisha ananiambia habari zako."

Elieshi alishika nguzo ya kibanda. Mteja aliuliza bei ya parachichi, hakumsikia.

"Mwezi uliopita akanirushia sauti ndefu," Angel akaendelea. "Nikafikiri amepatwa na jambo. Kumbe ni wewe unaimba zizini ukikamua, ule wimbo wa mavuno aliokuwa akiuimba baba. Alijificha nyuma ya ukuta akakurekodi. Mwishoni ananong'ona, 'Unasikia dada yako? Mimi naamka kwa ajili ya hii.'"

"Hiyo sauti..." Elieshi akasema. "Nirushie."

"Sina." Angel alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Niliifuta. Ilinichoma, dada. Mume wangu yuko safarini mwezi wa pili huu, mtoto anaumwa meno, mimi niko peke yangu, halafu nakusikia wewe unaimbiwa sifa. Nikaifuta. Lakini mama si anayo? Iko kwenye simu yake."

Elieshi aliona tena zile tarehe na namba zilizojipanga kama tofali, na kidole chake juu yake.

"Haipo," akasema. "Nami nilifuta. Nilifuta zako zote, Angel, na hiyo ikiwemo. Sikuisikiliza."

Lori likapita likitetemesha kibanda. Hatimaye Angel akasema, "Tumeimaliza, basi. Mimi huku, wewe huko." Hakusema kwa hasira wala kwa msamaha. Kisha akaongeza, "Za Derick ninazo zote. Nitazituma tena. Wewe mwambie mama."

Elieshi alimwambia mama jioni ileile, akiwa amepiga magoti anamkanda mguu. Alifikiri mama angelilia ile sauti, au angemtetea Angel. Mama alivuta mguu wake.

"Kwa hiyo kidole changu hakikukosea."

"Hakikukosea, mama. Nisamehe."

"Wiki nzima nimejiona mjinga," mama akasema, na sauti yake ilikuwa kali kama ya zamani, enzi akiwa na nguvu za kubeba mkungu wa ndizi. "Nimeogopa hata jiko. Wivu na mdogo wako ningeuelewa, mimi nami nilikuwa na dada. Lakini kunifanya nikitilie shaka kichwa changu mwenyewe! Hapana, Elieshi. Hilo umenikosea sana."

Maziwa yakachemka, yakapoa. Ndipo akaitoa simu kabatini, akaifungua leso, akaisukuma juu ya meza.

"Nifundishe. Sitaki tena kukuita."

Kwa hiyo Elieshi akamfundisha. Angel alituma video moja moja kadiri bando lilivyoruhusu, na zilivyoshuka mama akaonyeshwa zinakoangukia, namna ya kuingia kwenye Faili, namna ya kufungua folda na kuipa jina, na namna ya kukirudisha kilichofutwa kabla hakijatolewa kwenye Tupio. Mama alikosea, akatukana kwa Kimeru, akarudia. Aliandika "DERIKI" kwa herufi kubwa na hakukubali kurekebishwa. Jumapili ilipofika alikuwa anaingia na kutoka mwenyewe.

Na Elieshi akagundua jambo ambalo halikumpendeza. Akiwa zizini alimsikia Angel akicheka kule barazani, akasikia mama akijibu marahaba, na hakuna aliyemwita. Alikuwa amechukia kuitwa, na sasa sikio lake lilikaa linangoja. Wivu ulikuwa palepale. Haukuwa umekwenda kokote, ulikuwa umebadilisha mahali pa kukaa tu.

Jioni moja akasikia fimbo ikigonga mawe ya uani. Mama alikuwa anakuja mwenyewe, hatua fupi fupi, simu imeinuliwa mbele kama taa. Akaegemea mlango wa zizi akihema.

"Sogea, nikuonyeshe."

Ilikuwa video mpya, na mama aliifungua bila kubahatisha. Derick alikuwa anapiga sahani kwa kijiko. Elieshi hakumtazama Derick. Angel alionekana pembeni nukta chache tu, akiokota kijiko, nywele hazijasukwa, macho yamezama. Elieshi alikuwa amezipakua na kuzifungua video za mdogo wake mara zisizohesabika, na hakukumbuka kama aliwahi hata siku moja kumtazama usoni.

"Amekonda," akasema.

Mama akakirudisha kioo karibu na macho yake. Akatazama kwa muda. "Kweli," akasema taratibu. "Amekonda, mtoto wangu. Na mimi sijamuuliza."

"Mpigie."

"Anza wewe. Mimi nitampigia ukimaliza."

Elieshi akaweka ndoo ya maziwa mahali ambapo ng'ombe hawezi kuipiga teke, akafuta mikono kwenye kanga, akatafuta namba ya Mwanza. Angel akapokea upesi, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kusikia habari mbaya.

"Kuna nini, dada?"

"Hakuna kitu," Elieshi akasema. "Nataka kujua hali yako."