Ufunguo Ulioshonwa

Basi palikuwa na mwashi mmoja, watu walimwita Timazi, kwa ile kamba yake yenye uzito ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Miaka thelathini alijengea watu nyumba, jioni anarudi kulala chumba cha kupanga. Uzee ulipobisha hodi akajenga vyake: vyumba vitano vya mstari mmoja, tofali kwa tofali, kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna ufa hata wa kupitisha sisimizi. Ujenzi aliujua, hapo hatubishani.

Upangishaji ndio hakuujua. Ila mtu akishajua jambo moja vizuri, hudhani anajua na la jirani yake.

Mpangaji wake wa kwanza, wa chumba cha pili, alikuwa fundi cherehani, mama mtu mzima, mtulivu, uani kunang'aa kwa ufagio wake. Wapangaji wengine walimfuata yeye, wateja wake hao. Akihama yeye, ujue na wao wanakunja mikeka.

Sasa Timazi alikuwa na funguo za akiba za vyumba vyote, kazifunga kiunoni, akitembea zinalia kama mbuzi wa kengele. Siku moja mvua kubwa ikanyesha, akaiwazia plasta yake ya chumba cha pili. Fundi katoka kununua uzi. Timazi akafungua, akaingia, akagonga ukuta kwa kidole, ko, ko, akasikiliza. Mzima. Geuka hivi, anaona vipande vya kitambaa cheupe vimetapakaa kitandani mpaka sakafuni. Huruma ikamshika. Akavikusanya, akavikunja, pembe kwa pembe, kimoja juu ya kimoja kama anapanga tofali. Akatoka kifua mbele.

Kumbe gauni la bibi harusi, vipande ishirini na saba, kila kimoja kimelazwa mahali pake.

Jioni fundi akamfuata uani. Hakupandisha sauti.

"Mzee, mwisho wa mwezi nahama."

"Kulikoni, mama? Paa linavuja?"

"Paa zima. Mlango ndio unavuja."

"Mimi nilipanga tu vitu. Palikuwa na fujo."

"Fujo ile ilinichukua siku mbili. Na hata pangekuwa patupu, mzee, mimi nalala mle."

Akaondoka. Dada mkubwa wa Timazi, ulimi wake pilipili, alikuwa hapo anachambua mchele.

"Kaka, yule mwenye nyumba wako wa geti la kijani, aliyekuwa anaingia chumbani kwako kuhesabu balbu, ulimfanyaje?"

"Nilihama."

"Ukabamiza mlango mpaka bawaba ikang'oka."

"Bawaba ile ilikuwa mbovu toka zamani."

"Haya," akasema dada, akarudi kwenye mchele wake.

Asubuhi Timazi akabisha mlango wa pili, kitasa kipya mkononi. "Nakufungia hiki. Funguo zote shika wewe."

Fundi akamtazama. "Na bomba likipasuka mimi sipo?"

Hilo Timazi hakuwa amelipigia hesabu. Fundi akachukua ufunguo mmoja, akauzungushia kitambaa, akaushona pande zote kwa mishono midogo kama meno ya panya.

"Utunze. Kabla ya kuchana, nipigie simu. Ukichana kimya kimya nitajua, mshono wangu hauigiki."

"Na kuhama?"

"Mwezi bado haujaisha, mzee."

Tarehe ishirini na nane, asubuhi, maji yakaanza kutambaa chini ya mlango wa pili. Fundi hayupo. Mpangaji wa chumba cha tatu, mpaka rangi, akatoka na mswaki mdomoni.

"Mzee, ingia tu. Si nyumba yako?"

"Nyumba yangu. Chumba cha mwenyewe."

Akafunga koki kubwa ya nje, akapiga simu. "Mama, bomba lako limepasuka, koki nimefunga. Nichane?"

"Niko hapo kona. Nisubiri."

Akasubiri. Viatu vimelowa, plasta yake inakunywa maji, moyo unamuuma kama mzazi nje ya wodi. Lakini mkono haukugusa uzi.

Fundi alipofika, kabla ya kutazama maji alitazama kifurushi. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono, akamrudishia. Kisha akafungua kwa ufunguo wake.

"Karibu ndani, mzee. Ila vua viatu."

Timazi akavua, akaingia chumba alichokijenga mwenyewe, taratibu kama mgeni. Mwisho wa mwezi ukafika, ukapita, cherehani inalia pale pale. Na wapangaji wale wengine, kila mmoja akamwomba Timazi ufunguo wa akiba wa chumba chake, akaupeleka kwa fundi, ukashonwe.