Chungu cha Ndivani

Mimi ndiye niliyekivunja kile chungu, na nilikivunja kwa raha zangu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa kwetu Suji, huku mlimani, hulisimulia wakinihurumia, na huruma yao siitaki.

Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, mwaka wa hamsini na nne. Baragumu lilipolia asubuhi, kila nyumba ilitoa mtu wa kusafisha ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mashamba. Mzee Manase, msimamizi wa maji, alikuwa amekwisha kuyafungulia yote yatoke. Wanaume wakatoa tope, sisi wanawake tukang'oa magugu kingoni. Penye kivuli, pale mfereji unapoingia, jembe langu liligonga chungu kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na kichupa chenye kifuniko cha mpira, na dawa ya rangi ya maziwa.

"Njooni mwone!" nikapiga kelele. "Kuna mtu anatutegea uchawi kwenye maji!"

Mwaka ule mahindi yangu yalikuwa yamekauka, nami nilikuwa natafuta wa kumlaumu. Sikungoja mzee aseme neno. Nilikipigiza kwenye jiwe, chungu na kichupa vyote pamoja, na wenzangu wakanishangilia kwa vigelegele.

Jirani yangu Dorkas hakushangilia. Alipiga magoti kwenye tope akaanza kuokota vigae.

"Mama Yusto," akasema polepole, "hiyo ni dawa ya Lydia."

Lydia ni binti yake, wakati huo akiwa na miaka kumi na minne. Mwaka uliotangulia tulimwona akikonda, akinywa maji bila kukata kiu, akiamka kila mara kwenda kukojoa. Nami nilisema mengi kule mtoni. Nilisema ana mimba. Mimba ilipokosekana, nikasema karogwa. Kumbe ulikuwa ugonjwa wa sukari.

Dorkas alitueleza pale pale, magoti yake yangali kwenye tope. Daktari wa bondeni alimwambia kwamba miili yetu sote hujitengenezea kitu kiitwacho insulini, kimya kimya, bila sisi kujua, na hicho ndicho kinachopeleka sukari ya chakula inakotakiwa. Mwili wa Lydia umeacha kukitengeneza, kwa hiyo lazima achomwe sindano kila asubuhi.

"Joto huiharibu," akasema. "Aliniambia niiweke penye ubaridi. Mimi nina ubaridi gani zaidi ya maji ya ndiva?"

"Na asipochomwa?" nikauliza.

"Kabla hatujaujua huu ugonjwa tulimteremsha kwa machela, hajitambui. Daktari alisema tungechelewa siku moja tu, tungemzika. Ya leo amekwisha kuchomwa. Ya kesho ndiyo hiyo hapo."

Sikurudi nyumbani hata kunawa. Nilichukua cheti cha Lydia nikateremka mbio mpaka Makanya, nikapata lori la mkonge hadi Same, nikalala kwenye baraza ya zahanati. Asubuhi daktari alinitazama na tope langu, akatazama cheti, akanipa kichupa bila maneno mengi. Nilikizungushia kitambaa nilichokilowesha, nikakitia ndani ya kibuyu. Jua la Same halina adabu. Maji yangu ya kunywa niliyamwagia kile kitambaa yote, na nilipoanza kupanda mlima nikawa nakilowesha kwenye kila kijito, huku nakisemesha kama mtoto mchanga.

Nilifika jua likielekea kuzama. Lydia alikuwa ametapika tangu mchana. Alihema kwa nguvu, na pumzi zake zilinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Dorkas alichemsha sindano, akamchoma pajani, tukawa tunamnywesha maji kwa kijiko. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa kwa wanangu mwenyewe.

Kulipopambazuka akafumbua macho, akaniona.

"Shikamoo, mama."

Nilitoka nje nikalia, Dorkas akanifuata.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza. "Milango yetu inatazamana!"

Alinitazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ningekuambia wewe, Mama Yusto? Wewe?"

Nilivuka kwangu, nikatoa chungu jikoni nikamletea.

Mwaka uliofuata baragumu lilipolia, Lydia alikuja msaragambo na jembe lake mwenyewe. Kabla maji hayajafunguliwa nilikitoa chungu chake, kile cha kutoka jikoni kwangu, nikakaa kivulini nikikishikilia ndani ya maji ya mfereji.

"Eliakunda," Mzee Manase akaniita mbele ya watu, "wenzako wanafanya kazi."

"Nami nafanya," nikamjibu, na sikunyanyuka mpaka ndiva ilipozibwa na maji yakaanza kupanda.