Kisima Kilichonenepa

Mshale wa kipimo cha kisima ulikuwa ukipanda wenyewe, na msoma-vipimo akamgeukia msimamizi wake katika chumba cha mitambo. Kisima cha mafuta ya mwamba mgumu huzaliwa kikifoka, kisha hukonda mwezi hadi mwezi. Kikongwe haoti meno upya. Hiki cha miaka mitatu kilikuwa kinanenepa tangu asubuhi.

"Mkuu, tukifunge. Jirani wanapasua mwamba kwa maji, shinikizo lao linaingia kisimani kwetu."

Ndiyo iliyokuwa desturi: jirani akianza kupasua, kisima cha zamani hufungwa mpaka amalize. Lakini msimamizi, ambaye wafanyakazi walimwita Nyundo akishawapa kisogo, alicheka.

"Mwaka mzima nasimangwa kwamba kisima changu ni gofu. Leo kinatoa mapipa, mama, unataka nikizibe mdomo?"

"Bomba litapasuka, na mdogo wangu yuko juu yake!"

"Ana miguu, si ana miguu?"

Msoma-vipimo akanyakua redio ya mkononi. "Shuka, mdogo wangu! Shuka sasa hivi!"

"Nimejifunga mkanda, dada, na ndoano imekwama," sauti ya kijana ikajibu kwa kicheko chembamba. "Bomba linaunguruma kama tumbo la mgeni aliyesahauliwa. Mnapika nini huko?"

Dada alikimbilia kitufe chekundu cha kufungia kisima. Nyundo akamdaka mkono, akaubamiza kwenye ukingo wa meza. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Akaubamiza tena.

Yeye aliyezoea kusema "samahani" hata akikanyagwa, mkono wake uliobaki mzima ukaokota spana. Pigo la kwanza lilimpata Nyundo begani. La pili, kichwani. Akaanguka chali, damu ikamfunika jicho. La tatu halikuhitajika, naye alijua hivyo, spana ikiwa bado hewani. Akalishusha hata hivyo.

Kisha akabonyeza kitufe.

Vali kuu ikajifunga kwa kishindo kilichotikisa vioo. Muungurumo ukakatika.

"Dada?" Kijana alikuwa akihema. "Bomba limenyamaza. Dada, uko salama?"

Msoma-vipimo alipiga magoti, akavua kitambaa cha kichwani, akakishika upande mmoja kwa meno na kuanza kulifunga jeraha la Nyundo kwa mkono mmoja. Damu ilikuwa ya moto kuliko alivyodhani. Midomo ya yule mtu ikacheza.

"Kipimo," akanong'ona. "Kinasoma ngapi?"

Hakugeuka kutazama. Alizidi kukikaza kitambaa.