Mtu wa Elektrolizi

"Bibi yako hana shida, Tata Mpoyi. Ni mbegu zako njo ziko kidogo. Na zile ziko, mingi hazitembei."

Mpoyi alimtazama daktari Stéphanie mdomoni, kana kwamba huyo angeweza kuyameza tena maneno yake. Tangu waoane, ndugu zake walikuwa wakimnong'oneza amfukuze mkewe, Tshiela, kwa kukosa mtoto.

"Ni kazi?" akauliza.

Alifanya kazi katika ukumbi wa elektrolizi, ambamo shaba husafishwa kwa umeme, kwenye kiwanda cha shaba nje ya Kolwezi. Zamu nzima alitembea juu ya matangi ya asidi akitafuta mabamba yaliyogusana, umeme mzito ukipita chini ya miguu yake.

"Inaweza kuwa ile umeme. Inaweza kuwa joto, ao asidi, ao telefone mu mufuko. Ao ugonjwa ya zamani. Hata benye kuchunguza habajapatana."

"Nikitoka pale, zitarudia?"

"Pengine."

"Na nikibakia?"

Daktari alifungua viganja. "Siwezi kukudanganya, tata."

Aliingia zamu akiwa hajielewi. Juu ya matangi, ufunguo wa chuma aliouvaa shingoni ulijiinua wenyewe kuelekea mihimili ya shaba iliyopitisha umeme, ukivutwa na sumaku yake, kama mbwa anayevuta kamba. Ulifanya hivyo kila siku. Zamani alikuwa akicheka. Leo alijikuta ameziba mbele ya suruali yake kwa mikono miwili. Akaona aibu, akaondoa mikono.

"Dimitri," akamwambia mwenzake, "weye hauogope hii umeme?"

"Mi? Niko na batoto sita, bwana! Wa mwisho hata meno hajaota." Dimitri alicheka, akaendelea kunyunyizia mabamba maji.

Hapo ndipo Mpoyi alipopotea kabisa. Umeme ulikuwa mmoja, asidi moja, jasho lilelile.

Njia yote ya kurudi kwake Musonoi, mgongoni mwa pikipiki, alijiambia atanyamaza kwanza hadi aelewe.

Nyumbani alimkuta mama yake, aliyefika juzi kutoka Musumba na mzigo wa mizizi ya dawa za uzazi, akimsimamia Tshiela.

"Kunywa yote, binti yangu. Usiache hata tone."

Tshiela alikiinua kikombe kinachofuka moshi, akafumba macho kabla hakijagusa midomo. Alifumba kwa mazoea, kama mtu aliyekwisha kunywa vingi.

"Acha, Tshiela." Mpoyi alimpokonya. "Mama, ni mi njo sizali."

"Nani amekuambia?"

"Munganga ya hopitali."

"Ni nini imekukamata?"

"Sijue. Pengine umeme ya kazi. Pengine hata si umeme."

Mama aliitazama balbu juu yao, kisha mwanawe. "Umeme inamulika tu, mwanangu. Iliingia namna gani mu mwili?"

Mama akakichukua kikombe, akachungulia ndani, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Hakujua amkabidhi nani.

Tshiela alitoka nje. Alianza kuanua nguo kwenye kamba, ingawa bado zilikuwa zinadondosha maji. Mpoyi alimfuata, akashika ncha ya pili ya shuka.

"Kesho utaenda ku kazi?" akauliza Tshiela, bila kumtazama.

"Sijue."

Wakaanza kuikamua, huyu akipindisha huku, yule kule, na maji yakadondoka kwenye vumbi kati ya miguu yao.