Chupa Isiyowasha Macho

Kwa wanaopima vipande vya miili ya watu maabara, machozi ni kipimo. Ukifungua chupa yenye formalini, dawa inapanda puani, inawasha macho, unalia bila msiba. Usipolia, kuna jambo.

Dada mmoja wa maabara alikuwa amelia hivyo miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Kiwembe, kwa vipande vyembamba alivyokata, na kwa ulimi wake pia. Alijua kuliko wengi kwamba seli hai haikai bure. Inakula, inanenepa, inanakili siri zake zote, kisha inajigawa mbili, na hizo mbili zinaanza upya. Formalini ndiyo inayoziambia zote simama hapo hapo. Ndipo daktari anapochungulia kwenye hadubini na kuhesabu zilizokamatwa zikijigawa: zikiwa nyingi, uvimbe una haraka; zikiwa chache, unakwenda polepole. Formalini ikichelewa, zilizokuwa njiani zinamaliza safari au zinaharibika, na daktari wa watu anahesabu uongo.

Mdogo wake alipokaribia kutolewa uvimbe kwenye titi, alimsihi dada yake asiiache chupa yenye kipande chake ikae foleni mpaka iote ndevu, aibebe mwenyewe. Kiwembe akavimba kichwa. Saa tatu asubuhi aliipokea mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akaipitisha mbele ya dirisha la mapokezi bila kusimama. Dirishani hapo alikaa mzee mmoja msumbufu, aliyefungua kila chupa na kuinusa kabla ya kuiandika. Maabara nzima ilimcheka. Chupa hii hakuinusa.

Kabla Kiwembe hajaketi, wakaitwa uani kumpokea mgeni rasmi, aliyekuja kukata utepe wa mashine mpya. Mgeni wa saa nne alifika saa tisa. Watu wazima na akili zao walikaa juani siku kutwa, wakaipigia makofi mashine ambayo hata waya wa umeme haikuwa nao.

Saa kumi na moja akaifungua chupa. Macho yakabaki makavu. Formalini ilikuwa imekwisha kule kwenye upasuaji, na nesi alitia maji ya chumvi, akaandika hivyo kwenye karatasi ili mapokezi wawahi kubadilisha. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa Kiwembe, haijakunjuliwa.

Hapo angesema. Asingefukuzwa mtu, angechekwa tu wiki moja, kwamba Kiwembe kajikata. Lakini aibu ilimshinda. Alimwaga maji, akatia formalini, akajiambia nyama ni nyama. Daktari akahesabu seli tatu zinazojigawa, akaandika kwamba uvimbe ni wa polepole, na mdogo mtu akaepushwa zile dawa kali zinazonyonyoa nywele. Akautangazia ukoo mzima kwamba kuwa na mtu wako ndani ni neema. Kiwembe alizisikia sifa hizo, akazimeza kama mtu anayemeza mfupa.

Baada ya miezi kumi na sita ugonjwa ulirudi, na safari hii uliingia mfupani. Chupa ya kipande kipya ilipita dirishani, ikanuswa. Daktari alihesabu seli thelathini na moja. Akatoa na kioo cha zamani, chenye kipande cha kwanza, akakiweka kando ya hiki, akasema haelewi vipi uvimbe mmoja uwe na tabia mbili. Kiwembe alielewa. Akamweleza yote pale pale, amesimama. Daktari alivua miwani, akamuuliza kama mgonjwa anajua.

Kiwembe alipanda wodini, akavuta kiti, akasimulia tena: dirisha, karatasi, maji ya chumvi, utepe. Mdogo wake alisikiliza huku akikunja na kukunjua pembe ya shuka.

"Zile dawa kali zingeniponya?"

"Sijui, mdogo wangu. Ungepata nafasi."

Kiwembe akaanza kujitetea, na alijichukia kwa kuanza. Akasema alitaka kumsaidia, kwamba ni yeye mwenyewe mgonjwa aliyemsihi asiipeleke foleni.

Mdogo wake aliacha shuka. Hakupandisha sauti.

"Kuibeba nilikuomba mimi, dada. Kunyamaza alikuomba nani?"