Cherehani Kwenye Wimbo wa Saba

Ukitaka kuwajua watu, wape muziki wa marehemu waupigie kura. Mkaidi alipokuwa hai, redio ya mjini haikupiga hata wimbo wake mmoja. Sasa wajumbe watano wa redio hiyo walikuwa wakibishana kama albamu yake ya hip-hop iingie kwenye orodha ya albamu zisizochuja, na kila mmoja alijifanya mjuzi wake. Fundi mitambo wa redio alikaa pembeni. Mkaidi alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja, na ni yeye, dada mtu, aliyemrekodi.

“Mashairi yamekwenda shule, sikatai,” alisema mtangazaji wa jioni. “Lakini huo mngurumo wa cherehani je? Albamu bora hairekodiwi kwa fundi nguo.”

“Isafishwe kwanza,” mwenyekiti akakata shauri. “Kura Ijumaa.”

Dada mtu akaisafisha siku tatu. Alitaka jina la mdogo wake libaki mahali, lisizikwe naye. Alhamisi akampelekea mama yao, aliyeacha kushona tangu miguu imgomee. Mama akasikiliza wimbo wa saba hadi mwisho.

“Mwanangu mbona anasitasita hivi, kama mtu aliyesahau maneno?” akauliza. “Halafu mimi umenitoa.”

Binti na Mkaidi walirekodia katika chumba cha mama cha kushonea kwa sababu vitambaa vilimeza mwangwi. Mama alikuwa na sare za watu za kumaliza, hakuweza kusimamisha kazi, basi Mkaidi akapanga mistari yake ifuate mguu wa mama uliokanyaga cherehani. Mama aliposita kukata uzi, naye akavuta pumzi. Haya yote binti aliyajua, na bado aliufuta mngurumo huo kwa mkono wake ili kuwaridhisha watu watano. Aliona aibu mpaka akalia.

Ijumaa alipeleka kanda ya awali, cherehani na yote, akawaeleza. Wawili waliinua mikono. Watatu hawakuinua.

“Wamesemaje?” mama akauliza binti aliporudi.

“Wameikataa, mama.”

Mama akafuta macho.

“Haya. Wameikataa yenyewe, si nyingine. Niwekee ya saba.”

Binti akaiweka. Chini ya meza, mguu wa mama, ule mbovu zaidi, ukaanza kukanyaga sakafu. Kila ulipotulia, Mkaidi alivuta pumzi.